Zamu ya Mama

Mtungi wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa umechimbiwa nusu ardhini, kwenye kona ya banda la jiko, nyumbani kwetu Kikuyu, Dodoma. Mama alikuwa akipika ujimbi, pombe ya uwele ya sisi Wagogo, mara moja kwa mwezi, na wanywaji walikuwa majirani tu. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya serikali yahamie kwetu. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, na mafundi wakaanza kushuka kwenye treni wakiwa na misumeno na kiu.

Kufika 1980 mtungi ulishastaafu, mama ana mapipa matatu. Bia ya chupa ilikuwepo kwa jina. Safari Lager ilianza 1977, lakini baada ya vita vya Kagera ulikwenda dukani na chupa tupu mbili mkononi, ukaambiwa njoo kesho. Fundi aliyeshinda juani akibeba tofali hana kesho. Alikuja kilabuni kwetu.

Kazi ilianza wiki nzima kabla. Uwele ulilowekwa, ukatandazwa juu ya gunia bichi na kufunikwa. Baada ya siku mbili tatu mama alifunua, akachukua punje moja iliyoota, akaivunja kwa meno ya mbele. Ikiwa tamu, chimea ni tayari: kuanika, kusaga. Kisha unapikwa uji kwenye pipa, unaachwa upoe. Mama alitumbukiza kidole na kuhesabu hadi kumi. Akiweza kufika kumi bila kukitoa, ndipo alipotia chimea. Siku moja dada yangu aliona anachelewa, akatia chimea uji ukiwa bado wa moto. Pombe ikagoma kuchacha. Tulikula uji ule siku nne.

Tatizo lilikuwa kuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza tangu 1973, na huko Kondoa mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa ili ardhi ipumzike. Mama alikubali kwamba miti imekwisha. Ila pipa, alisema, halichemki kwa hotuba.

Lakini kilichomzuia kukua zaidi ya mapipa matatu hakikuwa kuni. Ujimbi asubuhi ni mtamu, jioni mkali, kesho yake siki. Ndiyo maana wapikaji walipangiana zamu: wakipika wawili siku moja, mmoja atamwaga. Watu hudhani kiwanda kilimshinda mama kwa ladha au kwa mashine. Mimi nasema kilimshinda kwa kujua kuiweka bia hadi mwezi ujao.

Aprili 1984 zamu yake iliangukia Ijumaa. Alhamisi, tarehe 12, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliondoka Dodoma, bungeni, akafa ajalini Dakawa, Morogoro. Jioni tukamsikia Mwalimu redioni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na kung'uto la kuchujia mapajani, nyuma yake mapipa yote matatu yakitoa povu kwa sauti ile ndogo kama mvua inayoanza. Asubuhi balozi wa nyumba kumi akapita: kilabu hakifunguliwi. Hakuna aliyebisha. Jumamosi povu lilikuwa limekufa, nasi tukabeba ndoo baada ya ndoo kuwapelekea nguruwe wa jirani. Walilala kutwa nzima, jambo ambalo sisi watoto hatukupaswa kulicheka siku ile, na tulilicheka.

Baba mdogo alikuwa mtu wa zabibu. Wamisionari walizipanda Bihawana 1957, na kwa kuwa hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, yeye aliona amepata ng'ombe wa maziwa. Alimtania mama: mvinyo hukaa chupani miaka, shemeji, wako haufiki hata Jumapili. Msimu mmoja kiwanda alichokiuzia kikachukua mzigo bila kulipa, na uliofuata hakikuchukua kabisa. Zabibu zikaoza zikiwa zimejaa kwenye matenga. Akawa anakuja kwa shemeji yake kunywa kwa mkopo. Mama aliandika deni kwa mkaa ukutani, na sijui kama aliwahi kulifuta.

Mwaka 1993 serikali iliiuza nusu ya kampuni ya bia, TBL, kwa Waafrika Kusini. Kreti zikajaa kila duka. Pipa la tatu likawa la maji, halafu la pili.

Uzeeni, kwenye harusi ya mjukuu wake, aliwekewa chupa ya bia mezani. Akaigeuzageuza, akaniuliza, "Mwanangu, hii imepikwa lini?" Nikamsomea lebo: inaharibika mwakani. Akaisukuma katikati ya meza.

"Basi nitainywa mwakani."