Mwalimu Kauza Gari, Kanunua Baiskeli

Bongo ukitaka upewe pole bila kufiwa, uza gari lako kisha uonekane mtaani unanyonga baiskeli na mtoto amekaa nyuma kwenye keria. Jieleze utakavyo, hakuna atakayekuamini. Watasema umefulia, basi.

Hayo yamemkuta kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni mwalimu kule Nyamahanga, mkoani Kagera, upande wa Biharamulo na Ngara. Kwa usiyeijua sehemu hiyo, ni kule ambako malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga yakielekea Rusumo kwa Wanyarwanda au Kabanga kwa Warundi. Kuna vilima, migomba, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Kaka alikuwa na mkweche wake, Toyota ya mtumba, matunda ya mkopo uliokuwa unakatwa kwenye mshahara. Mwaka 2022 bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, yeye na shemeji wakakaa chini na daftari. Gari linafanya kazi gani hasa? Asubuhi linapeleka watoto wawili shule, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 7, kama kilomita tatu hivi. Jioni linawarudisha. Jumamosi gulioni, Jumapili kanisani. Muda mwingine wote limelala chini ya mwembe, kuku wanataga ndani. Wakapiga hesabu ya mafuta, matairi, bima na fundi, wakaona kumbe wanalea mtoto wa tatu, tena mlafi kuliko wale wawili.

Wakaliuza. Wakanunua Phoenix mbili, moja ya baba na moja ya mama. Shemeji ni Msukuma, alijifunza baiskeli akiwa msichana mdogo, na kwao mwanamke kunyonga baiskeli si habari ya kusimamisha watu njiani. Fundi wa kuchomelea akawatengenezea viti viwili vya nondo nyembamba vyenye mgongo na mikono, vikafungwa juu ya keria, na sponji juu yake. Akaweka mahali pa kukanyagia. Pembeni ya gurudumu wakafunga vipande vya dumu la plastiki vilivyokatwa, ili mguu wa mtoto usiingie kwenye spoku. Aliyekulia kijijini anajua kisigino kikiingia kwenye spoku kinatokaje.

Basi, maneno yakaanza. Walimu wenzake wakamuuliza kama ana kesi mahakamani. Mama mkubwa, yaani mama yake mzazi, alikuja kutoka kijiji cha jirani kwa ajili hiyo tu. "Mwanangu, tulikusomesha ili na wewe uje unyonge baiskeli kama baba yako?" Kaka anasema swali hilo lilimuuma kuliko kejeli zote za wenzake, maana hakuwa na jibu ambalo mama angelikubali.

Mimi namwelewa mama mkubwa. Nyamahanga baiskeli si kitu cha kutembelea ukiwa na hiari. Ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la mkaa na mkungu wa ndizi, ndiyo basi la familia: mtoto mmoja mbele kwenye bomba, mama nyuma na kichanga mgongoni, baba anahema mlimani. Anayeanza kupata vijisenti anahamia bodaboda. Akipata zaidi, gari. Hata neno lenyewe bodaboda lilizaliwa juu ya baiskeli, pale mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijalichukua. Kwa hiyo ngazi yetu inajulikana, na kaka yangu ameonekana akishuka mchana kweupe, watu wote wakitazama.

Lakini sisi tulio mjini tuna kituko chetu. Picha ya mzungu wa Amsterdam amepakia watoto watatu kwenye baiskeli yenye sanduku mbele, tunairusha kwenye magrupu ya WhatsApp na kusifia: wenzetu wameendelea, wanatunza mazingira! Mwalimu wa Nyamahanga akifanya hivyo hivyo, tunamchangia. Kitendo ni kile kile jamani, tofauti ni nani kakifanya.

Na tunaposifia hao Waholanzi, hatuulizi walifikaje hapo. Hawakuzaliwa na upendo wa baiskeli kuliko sisi. Baada ya vita kuu ya pili walinunua magari kwa wingi kama tunavyofanya sasa. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mmoja alikuwa binti wa Vic Langenhoff, mwandishi wa habari wa gazeti la De Tijd. Mwaka 1972 baba huyo akaandika makala kali akitaka mauaji ya watoto yakome, na wazazi wakajiunga wakaunda chama kilichobeba jina la makala hiyo, Stop de Kindermoord. Waliziba barabara, waliandamana na watoto wao, walikwenda kukaa na wakubwa hadi wakubwa wakasikiliza. Ulipokuja uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 na Jumapili zisizo na magari, watu wakaonja mji ulivyo mtulivu. Njia za baiskeli zilifuata, mwaka hadi mwaka.

Na sisi tulikuwa na Jumapili zetu, mnakumbuka? Waulizeni wazee. Enzi za Mwalimu Nyerere, mafuta yalipoadimika, gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Sisi tuliichukulia kama adhabu ya umaskini. Adhabu ilipokwisha, tukarudi kwenye foleni, na ndoto ya kila kijana aliyemaliza chuo ikawa shangingi.

Nilipokwenda kumsalimia kaka, nilidhani atanilalamikia kuhusu kuchekwa. Wala. Alisema kicheko kinazoeleka, watoto wanafurahi, na shemeji anasema usingizi wake umekuwa mzuri. Tatizo lake ni kipande kidogo tu, mahali wanapotoka kwenye njia ya vumbi na kushika lami. "Mdogo wangu, pale lori la tela linapopishana na basi, mimi sina pa kwenda. Nasikia tu mtoto nyuma ananishika shati." Siku hizi shemeji anapita njia ya mashambani, ndefu zaidi, na mvua ikinyesha haipitiki. Siku hiyo wanatembea kwa miguu, baiskeli inasukumwa. Kuwapandisha bodaboda hawataki, na polisi wa usalama barabarani wenyewe wamekuwa wakikumbusha kwamba mtoto wa chini ya miaka 9 hapaswi kupakiwa.

Wamekubaliana hivi: mtoto mdogo akianza darasa la kwanza, watakaa tena na daftari. Kama kipande kile kitakuwa bado kilivyo, huenda watatafuta mkweche mwingine. Hawatafanya hivyo kwa sababu ya majirani, bali kwa sababu ya bega la barabara ambalo halipo.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane, msomaji wangu. Tunaambiana tupande baiskeli kwa afya, kwa mazingira, kwa kubana matumizi. Sawa. Lakini mzazi hapimi afya yake tu, anapima shingo ya mtoto aliye nyuma yake. Dar es Salaam, mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kazi mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na kila apitaye anaona pikipiki zinavyokatiza humo na wachuuzi walivyopanga bidhaa. Chama cha wapanda baiskeli, UWABA, kimekuwa kikilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Kama mjini kwenye njia zilizojengwa tayari hali ni hiyo, Nyamahanga nani atawasemea?

Langenhoff aliandika baada ya kumzika mtoto. Mimi naandika watoto wa kaka yangu wakiwa hai, wanapiga kengele ya baiskeli kila wakiona mbuzi. Mita moja ya bega la lami kila upande, mahali barabara kuu inapopita kwenye makazi na shule, haihitaji mzungu wala semina. Je, sisi tusiosita kuchangishana kwa ajili ya harusi tunashindwa kuidai?