Alaska kwa Meli: Tuhesabu Majira Kabla ya Nauli

Akina mama wenzetu, siku hizi si ajabu mama wa Arusha, Mwanza au Nakuru kupigiwa simu na mtoto wake aliye Marekani: "Mama, njoo umwone mjukuu, nasi tutakupeleka Alaska kwa meli." Mama hufurahi, majirani hufurahi pamoja naye, na wakala wa safari hufurahi kuliko wote. Lakini safari hii ni ya gharama kubwa, na familia nyingi huiwekea akiba kwa miaka. Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi apaswavyo kukaa kwanza na kupiga hesabu. Nasi tukae tuhesabu pamoja.

NCHI YENYEWE

Alaska ni jimbo la 49 la Marekani, lililo kaskazini-magharibi kabisa, na kati yake na majimbo mengine ipo nchi ya Kanada. Marekani iliinunua kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, ikawa jimbo mwaka 1959. Ukiziunganisha Tanzania na Kenya, bado Alaska ni kubwa zaidi, ila watu wake hawafiki laki nane. Mlima wake mkuu, ambao wenyeji huuita Denali na ambao serikali ya Marekani iliurudishia jina la Mount McKinley mwaka 2025, una mita 6,190. Umeupita Kilimanjaro wetu kwa karibu mita 300.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua kuchwa saa kumi na mbili jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Huko sivyo. Mwishoni mwa Juni mji wa Anchorage hupata saa 19 za jua kwa siku, na mwishoni mwa Desemba hupata saa tano na nusu tu. Katika mji wa Utqiagvik, ulio kaskazini kabisa, jua halizami tangu Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, tena halichomozi tangu katikati ya Novemba hadi Januari inapokaribia kwisha. Ndiyo sababu meli kubwa za utalii huenda Alaska kati ya Aprili na Oktoba peke yake.

MWEZI GANI UNAFAA?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake hutegemea nani anasafiri na anataka kuona nini.

Mei: Pwani ya kusini-mashariki, ambako meli nyingi hupita, huwa na mvua chache kuliko miezi ya baadaye. Theluji bado imefunika vilele, watu si wengi, na nauli kwa kawaida huwa nafuu. Ubaya wake ni kwamba samaki aina ya samoni hawajaanza kupanda mitoni, na baadhi ya njia za milimani bado zimefungwa kwa theluji.

Juni hadi Agosti: Huu ndio wakati wa joto, na shule za Marekani zimefungwa, kwa hiyo nauli hupanda. Hata hivyo usidanganywe na neno joto. Mjini Juneau mchana wa Julai huwa kama nyuzi 17 au 18, baridi wanayoijua watu wa Makete na Limuru. Julai na Agosti samoni hujaa mitoni na dubu huwafuata. Nyangumi nao wapo majira yote ya kiangazi, kwa kuwa huja huku kula, na wengi wao huenda kuzaa Hawaii wakati wa baridi. Mbu ni wengi sana Juni na Julai, hasa bara. Wanauma vibaya, lakini hawaleti malaria.

Septemba: Bara majani hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, na usiku ukiwa mweusi tena huweza kuonekana ile mianga ya kijani ichezayo angani, ambayo watu husafiri mbali kuitazama. Nauli hushuka. Lakini pwani mvua huzidi, na bahari ya wazi huchafuka. Mji wa Ketchikan hupata karibu milimita 3,800 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dar es Salaam.

Mama mzee asiyependa umati tungemshauri Mei. Familia yenye watoto wa shule haina budi kwenda Julai, basi ianze kuweka akiba mapema.

NJIA ZA BAHARINI

Safari nyingi ni za siku saba. Nyingine huanza Seattle au Vancouver na kurudi pale pale. Nyingine huanza Vancouver na kuishia Seward au Whittier, ambapo msafiri huweza kuendelea bara kwa treni au basi. Vancouver ina faida ya kupita katikati ya visiwa, ambako maji hutulia. Zile za Seattle mara nyingi hupita bahari ya wazi kwa sehemu ya njia, na wenye kichefuchefu huko ndiko wanakoteseka.

Nauli inayotangazwa si gharama yote. Kuna kodi za bandari, bakshishi za kila siku, ndege ya kufika bandarini, na matembezi ya nchi kavu ambayo hulipiwa kando. Chumba kisicho na dirisha ni rahisi kuliko vyote, na mandhari utayaona vizuri ukipanda sitahani.

Ipo njia nyingine ambayo mawakala hawaitaji sana. Serikali ya Alaska ina meli zake za abiria na magari tangu mwaka 1963. Moja ya njia zake huanzia Bellingham, kaskazini ya Seattle, hadi Ketchikan na kuendelea. Hakuna muziki wala karamu, na abiria wengine hupiga hema zao sitahani. Lakini milima ni ile ile.

HATI ZA SAFARI

Hapa tuwe waangalifu sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya nchi nyingine kuchukua abiria kutoka bandari ya Marekani, ikawazungusha na kuwarudisha, bila kugusa bandari ya kigeni. Karibu meli zote kubwa za utalii zina bendera za kigeni, kwa hiyo lazima zisimame Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni.

Sisi tulikuwa wanane wa kikundi kimoja cha akina mama wa kanisa: watano wanaoishi karibu na Seattle, na watatu waliotoka nyumbani kuwatembelea watoto wao. Mmoja wa hao watatu, mwalimu mstaafu, aliambiwa na wakala kwamba kwa kuwa hatashuka Kanada hahitaji viza yake. Bandarini alizuiwa kupanda. Binti yake, ambaye alikuwa mmoja wetu, alikuwa ameilipa nauli ile kwa zamu za usiku, na haikurudishwa. Mama alitushika mikono akasema, "Nendeni, wanangu. Mtanisimulia." Wakarudi nyumbani wote wawili, nasi tukaondoka sita.

Agosti binti yule alimpeleka Juneau kwa ndege kutoka Seattle, safari ya ndani ya Marekani, isiyohitaji viza ya Kanada. Wakapanda mashua ndogo, na mama akawaona nyangumi kwa macho yake.

Basi, kabla ya kulipa hata senti, ulizeni ubalozi wa Kanada na wa Marekani wenyewe. Masharti hubadilika, na neno la wakala halifungui geti la bandari.

AFYA YA WASAFIRI

Dawa za presha na kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, za kutosha siku zote na wiki moja zaidi, pamoja na karatasi ya daktari. Zinywewe kwa saa ya mkononi, maana jua la huko halikuambii wakati. Watoto nao hukataa kulala kukiwa na mwanga. Fungeni mapazia mapema.

Mwenye ugonjwa wa selimundu ajikinge hasa, kwa kuwa baridi huweza kuamsha maumivu makali. Avae nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine, pamoja na glovu, kofia na koti la mvua, na anywe maji ya kutosha. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito aliyefikia wiki ya 24, wala mtoto wa chini ya miezi sita. Melini kuharisha na kutapika huenea upesi; nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo, maana dawa ya kupaka haitoshi kuviua virusi hivyo. Na bima iwe ile inayolipia kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali.

TULIYOYAONA

Katika hifadhi ya Glacier Bay huruhusiwa meli mbili tu kubwa kwa siku. Nahodha George Vancouver alipopita mwaka 1794, ghuba hii ilikuwa bado imejaa barafu. Tangu hapo barafu imerudi nyuma karibu kilomita 100, na meli huingia ndani kabisa. Tulisimama sitahani kimya. Kipande kikubwa kama nyumba kilimeguka, na sauti yake ikatufikia baadaye kama radi.

Wenyeji wa pwani hiyo ni Watlingit. Kwao mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, kama kwa Waluguru. Ile miti mirefu iliyochongwa si miungu. Hutunza historia ya koo. Koo za Huna zilifukuzwa Glacier Bay na barafu iliyokuwa ikisonga mbele katika karne ya 18, na mwaka 2016 zilifungua tena nyumba yao ya ukoo katika ghuba hiyo. Tulipoisikia habari hiyo, wengi wetu tulio mbali na nyumbani tuliinamisha vichwa.

Na wasomaji wetu Wamoravian wajue kwamba wana ndugu huko. Misheni yao ilianzisha Bethel, bara ya magharibi, mwaka 1885, miaka sita kabla ya kufika Rungwe. Meli za utalii hazifiki Bethel, lakini maombi yanafika.

Akina mama, chagueni mwezi kwanza, kisha hati, kisha afya, na nauli iwe ya mwisho. Mungu awatangulie.