Punje Zilioza, Shaba Ikabaki

Nilifukia shaba kwenye tuta la mchicha la jirani yangu, huku najisifu kwamba natunza mazingira. Hakunituma mtu.

Karakana yetu hupaka vyuma shaba kwa umeme. Chuma kikitoka kwenye pipa la mrututu husuuzwa, na maji yale ya kusuuzia hubaki na shaba iliyoyeyuka. Zamani tuliyamwaga mtaroni. Kisha nikajifunza habari za kitosani. Maganda ya kambamiti huloweshwa kwenye asidi nyepesi ili chokaa itoke, halafu huchemshwa kwenye kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kwanza nyepesi ya kuondoa protini, kisha kali kwelikweli. Kinachobaki ndicho kitosani, nacho huyeyushwa kwa siki na kudondoshwa tone moja moja kwenye maji ya kostiki. Kila tone huganda likawa punje nyeupe. Ukizitia kwenye maji ya kusuuzia, ukishayapunguza ukali kwa magadi, punje zinanasa shaba na kugeuka bluu, maji nayo yanapauka. Nilikuwa nawaita wateja waje kutazama.

"Hii ni asilia, inaoza yenyewe," nikiwaambia, kwa lafudhi ya mtu aliyesoma nusu ya kitabu.

Kuoza inaoza. Vijidudu vya udongoni hula kitosani kama vinavyokula magamba ya wadudu. Basi punje zilizokwisha kushiba shaba nikazichanganya na samadi, nikampa mama anayelima nyuma ya karakana.

Mchicha ulidumaa, majani yakawa ya njano. Siku alipong'oa mashina kadhaa akakuta mizizi mifupi, minene kama imekatwa ncha, aliniita. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza:

"Mwanangu, zile shanga zako za bluu mbona sizioni? Zimekwenda wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kuwa zimeoza. Nikaufunga. Zilizooza ni punje. Shaba ni elementi, hakuna kijidudu cha kuimaliza. Nilikuwa nimeitoa kwenye maji, nikaifunga vizuri, nikaja kuifungulia miguuni pa mchicha.

Na njia sahihi niliijua. Punje zikikazwa kwa glutaraldehaidi, huweza kusuuzwa kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa bila kuyeyuka. Huachia shaba, ikarudi pipani kuwa mrututu, nazo zikatumika tena. Ila glutaraldehaidi ni kemikali ya dukani, ingeniharibia lile neno "asilia". Nililipenda neno kuliko kazi.

Mama alikosa mauzo ya tuta zima. Nikamlipa, akapokea bila maneno mengi, na samadi yangu haitaki tena, hata iliyo safi. Udongo tuliuchota tukautia kwenye viroba. Sasa punje tunazikaza na kuzisuuza. Viroba bado viko karakanani, maana dampo la mtaa liko juu ya bonde ambako watu wengine nao wanalima mchicha.