Pasta, Ikala Kidogo

Ndugu msomaji, nataka kukuambia kosa langu moja, maana pengine nawe unauguza mtu siku hizi, ao unatembelea wagonjwa pamoja na wamama wa kanisa.

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi katika machimbo ya shaba, chini kabisa. Vumbi la mawe liliharibu mapafu yake. Wanganga wanaita ugonjwa ule silikozi, na hauna dawa ya kuuponya. Alikohoa mpaka mwisho. Mwezi moja baada ya kumzika, wakaniita hospitalini kwa mzee mmoja wa kampi yetu, naye mchimbaji wa zamani. Pale mlangoni nikasikia kikohozi kile kile. Miguu ikalegea.

Nikasoma Zaburi fupi, nikaomba mbio mbio, nikasema: "Baba, uwe na imani, utapona." Akanishika mkono. "Pasta, ikala kidogo. Niko na neno." Nikajibu kwamba mashemasi wananingojea. Kweli mkutano ulikuwako, lakini saa kumi, na wakati ule ilikuwa saa ine ya asubuhi!

Alikufa usiku ule. Kule kilioni mke wake akaniuliza: "Pasta, baba alikuachia neno gani juu ya parsele?" Nikanyamaza. Watoto wa mama wa kwanza na wa mama wa pili wanaigombania mpaka leo. Pengine lilikuwa neno lingine, sitajua.

Wengine watasema pasta alikosa imani. Mimi naona lile "utapona" halikuwa la mzee. Lilikuwa dawa yangu mwenyewe, juu nilikuwa ninamkimbia baba yangu. Mama mwuguzi wa chumba kile aliniambia kwamba yeye pia, tangu mtoto wake kufa, anachoma sindano akiangalia ukuta.

Si kwetu tu. Mwaka 1965, wanafunzi wane wa teolojia kule Chicago, Marekani, walimwomba mnganga Elisabeth Kübler-Ross awasaidie kuwajua watu wanaokaribia kufa. Akatafuta wagonjwa wa kuzungumza nao katika hospitali. Wanganga wakamjibu kwamba hawana mtu wa kufa katika vyumba vyao! Lakini wagonjwa wenyewe, walipoulizwa, wengi wao walikubali kusema, tena kwa furaha. Walioogopa ni wazima.

Sasa, mbele ya kuingia, ninakaa kwanza inje, kwenye kiti cha mbao. Ninamtajia Mungu jina la baba yangu, na kama machozi yanakuja, yaje pale. Bwana Yesu naye alilia kwa Lazaro. Kisha ninaingia, ninavuta kiti, ninauliza: "Baba, uko na neno?" Siku zingine anataka chai tu. Basi ninamtafutia chai.