Kibanda kitupu cha Mwakirunge

Ukiiacha barabara kuu ya Malindi pale Bamburi na kushika njia ya bara inayopitia Utange, minazi huzidi na nyumba hupungua hadi unapoingia Mwakirunge. Wakazi wengi wa mjini hupajua kwa jaa lake tu. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka wa 2018, malori ya taka hupita huku kutwa, na penye malori hapakosi wauza chakula.

Nilifika Jumamosi moja saa saba mchana, njaa imenikaba. Kando ya njia palikuwa na vibanda viwili vya makuti, vimepakana. Cha kwanza kilifurika madereva, utingo na vijana wa bodaboda, wengine wakila wima, sahani mkononi. Cha pili hakikuwa na mtu. Miguu yangu, msomaji, ilikwisha kuelekea penye watu kabla sijafikiri lolote.

Nani asingefanya hivyo? Katika joto la Pwani, pasipo friji, wingi wa walaji ni dhamana. Mchuzi wa nazi haungoji kesho, na sufuria inayokwisha mapema haina kiporo.

Hata hivyo, mwaka wa 1992 mwanauchumi Abhijit Banerjee, mzaliwa wa Uhindi aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019, alitoa mfano wa kushangaza. Watu 100 wanachagua kati ya mikahawa miwili, wa kwanza ukisifiwa kidogo kuliko wa pili. Watu 99 wamepata fununu kwamba wa pili ndio bora. Mmoja tu amepata fununu ya kuusifu wa kwanza. Huyo mmoja akitangulia kuingia, anayefuata humwona, akatilia shaka alichosikia, akaingia papo hapo. Mwishowe wote 100 wamejazana penye chakula kibaya, kwa sababu ya mtu mmoja!

Pale kwenye umati sikupata hata pa kusimama. Nikageukia kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Lakini usikae ndani. Kaa benchi la mbele, wapitao wakuone."

Nikacheka. Kumbe nilikuwa chambo! Akanipakulia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Wali ulikuwa umeanza kupoa, lakini samaki alikuwa mtamu ajabu. Aliniambia mwenzake alitangulia kufungua pale, na madereva wakazoea.

"Wali unaobaki wanakula wajukuu," alisema. "Lakini nazi za kesho nitanunua kwa pesa gani?"

Sijamaliza nusu ya sahani, lori likasimama. Dereva alitazama kule kulikofurika, kisha akanitazama mimi. Akateremka na utingo wake.

"Hapa kuna chakula gani kizuri?" aliniuliza mimi, wala si mwenye kibanda.

Nikasogea kwenye benchi, wakapata pa kukaa.