Njia ya Lushoto na Taa ya Oili

Msafiri atokaye Tanga kwenda Lushoto hupita Muheza penye machungwa, akafika Segera, kisha Korogwe penye mashamba ya mkonge, na mwendo wote huo njia ni nyepesi hata mzee aweza kusinzia garini. Mambo hugeuka Mombo. Hapo mtu huiacha barabara kuu iendayo Moshi, akaingia mkono wa kuume katika milima ya Usambara, na kwa kilomita zipatazo 33 hupandishwa karibu mita 1,000. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona zake humnyamazisha dereva aliye msemaji. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, wakawa wakikimbilia huko juu kuepa joto. Nasi twasema kweli, hewa ya huko yastahili taabu ya njia.

Mlima wa namna ile ndio hakimu wa motokaa kuukuu. Gari tulilopanda sisi na jamaa zetu lilikuwa Land Rover ya petroli, ya toleo liitwalo Series III, lililotengenezwa tangu 1971 hata 1985. Ni mali ya shemeji yetu, naye hulipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa maziwa. Tangu Korogwe, kila tuliposimama, taa ya oili ilikuwa ikipepesa, tulipoondoka ikazimika.

Pale Mombo kijana mmoja fundi aliisikiliza injini kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akatoa hukumu: krenki imekwisha, injini ifunguliwe yote, krenki ichongwe na beringi zote ziwe mpya. Shemeji yetu alikuwa na fedha mfukoni, nazo ni ada ya shule ya mwanawe. Tulimwona akizihesabu kwa moyo. Akasema tupande kwanza mpaka kwa ndugu zetu Lushoto, kazi hiyo ikafanyiwe huko.

Hatukufika Soni. Katika mwinuko mkali injini ilikohoa, ikalegea, ikazima. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulipongoja robo saa ikawaka vizuri, tukapanda kona mbili, ikazima tena. Mara ya tatu tukamteremsha mama mkwe akakae kivulini, penye watoto wauzao matunda damu, na kijana wa pikipiki akaenda Soni kutuletea fundi mwingine. Alikuja mzee mfupi, mwenye mfuko wa vyuma begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii taa ya oili huwaka kabla gari halijazima, au baada ya kuzima?”

Swali hili tunaomba vijana wetu walishike. Injini iliyosimama haizungushi pampu ya oili, kwa hiyo shinikizo hupotea, na taa itawaka hata kama injini ni mpya kabisa. Taa iliyowaka baada ya injini kuzima haithibitishi ubovu wowote. Shemeji akajibu kuwa huwaka kabla, lakini ni pale tu injini inapozunguka polepole.

“Umepima oili?”

“Nimepima, mzee. Ipo tele, imepita hata alama ya juu.”

“Na asubuhi, kule Tanga, ilikuwa wapi?”

“Katikati ya alama mbili.”

“Nani aliyeongeza?”

Hakuna aliyeongeza. Mzee akatabasamu. “Injini hula oili, mwanangu, haizai.”

Akakichomoa kijiti cha kupimia, akainusa oili, akaisugua kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi kama maji, nayo ilinuka petroli. Papo hapo akamfukuza mtu aliyekuwa akivuta sigara karibu nasi, kwani mvuke wa petroli uliojaa tumboni mwa injini waweza kulipuka.

Petroli yaweza kuingia katika oili kwa njia zaidi ya moja, naye hakuharakisha. Kwanza alitazama choki, maana choki iliyokwama hunywesha injini petroli kupita kiasi, na ile isiyoungua huteremka kandokando ya pistoni. Choki ilikuwa huru. Akafungua plagi moja, nayo haikuwa na masizi. Ndipo akaigeukia pampu ya petroli.

Katika gari hili pampu imefungwa ubavuni mwa injini, nayo husukumwa na kamshafti. Ndani yake mna kiwambo chembamba kama ngozi ya dafu, kinachopanda na kushuka, kikivuta petroli kutoka tangini na kuipeleka kwenye kabureta. Kiwambo hicho kikichanika hudhuru mara mbili. Kabureta hupata petroli pungufu, na injini hushindwa mlimani, ambako mahitaji yake ni makubwa kuliko popote. Ikipumzika, bakuli la kabureta hujaa kidogo, ikawaka tena. Wakati huohuo petroli inayovuja huteremkia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Oili nyepesi hupita upesi katika nafasi za beringi, shinikizo huanguka, na taa hupepesa. Tulidhani tuna maradhi mawili, kumbe ni moja. Joto nalo laweza kuigeuza petroli mvuke ndani ya bomba na kuzimisha gari mlimani vivyo hivyo, lakini joto haliongezi oili kwenye kijiti.

Pampu ilipofunguliwa, tulikiona kiwambo kimepasuka karibu na katikati, ufa wa urefu wa ukucha. Kipya kililetwa kutoka Lushoto kwa pikipiki. Oili yote ikamwagwa ndani ya debe, chujio likabadilishwa, ikatiwa oili mpya. Mzee alikataa kata kata kuiwasha injini kabla ya hayo, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli haitenganishi chuma na chuma.

Hata hivyo hakutaka kuiamini taa. Alifungua swichi yake, akafunga mahali pake geji ya mshale, akaiacha injini ipate moto. Kitabu cha gari hili chataka paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa na moto, mwendo ukiwa maili 30 kwa saa katika gia ya juu. Mzee akaishika injini kwenye mzunguko wa kiasi hicho, mshale ukasimama penye 42. Kama ungebaki chini, alisema, angetazama springi ya vali ya shinikizo, kisha chujio la pampu ya oili lililo chini kabisa, na krenki ingekuwa ya mwisho.

Ada ya shule ilipungua kidogo tu. Mzee aliagiza oili ibadilishwe tena baada ya kilomita chache mia, ili masalia ya petroli yatoke, na kijiti kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tulifika Lushoto usiku, baridi ikiuma, mama mkwe akiwa na kikapu cha matunda mapajani. Asubuhi yake shemeji alitoka nje akiwa na kitambaa mkononi kabla hajanywa chai, akapima. Oili ilikuwa palepale mzee alipoiacha.