Picha Zilicheza, Kazi Ikaponyoka

Kuna wanaume wanaochelewa kulala kwa sababu ya mpira, na wengine kwa sababu ambazo hatutazitaja hapa. Mimi nilichelewa kulala wiki mbili nzima kwa sababu ya albamu ya picha. Usicheke.

Mke wangu ni mpambaji. Harusi, kicheni pati, sherehe za kumuaga binti, yeye ndiye anayefunga vitambaa, kupanga maua na kuwasha taa za meza kuu. Kwa miaka alizunguka kwenye vikao vya kamati za harusi na albamu moja ya karatasi, kona zimechakaa. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu nikajifanya mjanja. Badala ya kitenge, nikamwahidi tovuti. "Wateja wataona kazi zako wakiwa nyumbani kwao," nilimwambia. Akafurahi, akanikumbatia.

Mimi ni mhasibu, si mtaalamu wa kompyuta, lakini kwa WordPress huhitaji shahada. Tovuti niliisimamisha wikiendi moja. Kimbembe kikawa kwenye picha. Kule kuna plagini, yaani viprogramu vya nyongeza unavyovichomeka kwenye tovuti ili ifanye jambo fulani, na za bure pekee zinazidi 50,000. Za albamu za picha ni tele. Basi nikaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu viatu Kariakoo huku hana nia ya kununua.

Ya kwanza ilizipitisha picha zenyewe kutoka kulia kwenda kushoto. Ya pili ilizipanga kama matofali ukutani, kubwa kwa ndogo, bila kuacha upenyo. Ya tatu ndiyo iliyoniua kabisa: ukibofya picha, ukurasa wote unaingia giza na ile picha inachomoza katikati, kama bibi harusi anavyoingia ukumbini. Ukipitisha kipanya juu yake, maelezo yanaibuka taratibu. Nikajisemea moyoni, hapa nimefika.

Chumbani mambo hayakuwa mazuri. Saa saba usiku mke wangu anageuka, ananikuta natabasamu mbele ya kompyuta. "Mume wangu, nani huyo mnayechekeana usiku wote huu?" Nikamwonyesha picha zake zinavyocheza. Akatazama kidogo, akasema "nzuri," akageukia ukutani. Ama kweli wanaume tunapenda kusifiwa! Ile "nzuri" moja niliihesabu kama sahihi ya mkataba.

Jumamosi moja akaitwa kwenye kikao cha harusi. Nikamsindikiza, kifua mbele. Albamu ya karatasi tuliiacha nyumbani, ya nini tena? Zamu yake ilipofika akawatajia wanakamati anwani ya tovuti. Watu kama kumi na watano wakatoa simu. Kisha kimya. Kila simu ilikuwa na kale kaduara kanakozunguka, kanazunguka tu. "Mtandao unasumbua," mmoja akasema. Shangazi wa bibi harusi, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho, alipata picha moja nusu, ikakimbia kabla hajaiangalia vizuri. Akaguna: "Bando langu linakwisha, mwanangu." Mpambaji aliyefuata akafungua albamu ya karatasi mezani. Kazi akaipata yeye.

Ndani ya gari hatukusemezana. Ile kazi ingelipa kodi ya stoo ya mapambo, na tulikuwa nyuma kwa miezi miwili. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, tena kwa upole, jambo lililouma zaidi: "Wiki mbili umejaribu kila kitu. Hujaniuliza hata siku moja wateja wangu wanatumia simu gani."

Ni kweli. Nilikuwa nimejaribu kwa kompyuta ya mezani na intaneti ya nyumbani isiyokatika. Usiku ule tukakaa wote wawili, na kwa mara ya kwanza tukaifungua tovuti kwa simu yake. Makosa yakaanza kuonekana yenyewe. Picha zilikuwa 24, kila moja kama megabaiti 5 vilevile zilivyotoka kwenye kamera. Piga hesabu: megabaiti 120, na plagini yangu iliziita zote kwa mpigo. Mimi mhasibu! Kwenye simu hakuna kipanya, kwa hiyo maelezo yaliyojificha hayakuibuka kamwe. Na vile vijipicha vya mraba, pikseli 150 kwa 150, vilikuwa vimekata maua ya juu, sehemu ambayo mke wangu hulipwa kwa ajili yake.

Tukafuta plagini zote. WordPress ina albamu yake ya kawaida tangu mwaka 2008, haina mbwembwe. Picha tukazipunguza hadi upana wa pikseli 1024, kila moja isizidi kilobaiti 200, hivyo zote 24 hazikufika megabaiti 5. Nikahakikisha zinapakiwa kadiri mtu anavyoshuka nazo. Maelezo tukayaweka chini ya kila picha, yasomeke bila kubofya. Mke wangu ndiye aliyechagua ipi itangulie. Mimi ningeanza na ukumbi mkubwa, yeye akaanza na meza ndogo ya kicheni pati. "Wengi wanaonipigia wanataka ya bei hii," akasema. Kumbe alikuwa na majibu siku zote.

Safari hii mtihani tukampa mama mkwe. Simu yake ina ufa kiooni, na anabofya kwa dole gumba. Tulimtumia anwani tukasubiri. Baada ya muda mfupi akapiga: "Mama, hii ya kitambaa cha zambarau ulifunga wapi? Mbona hukuniambia?" Mke wangu akacheka hadi machozi. Mimi nilishusha pumzi.

Sitakudanganya kwamba kamati ile ilirudi. Haikurudi. Lakini mwezi uliofuata binti mmoja alipiga simu akitaka mapambo ya kicheni pati "kama ile picha ya kwanza." Kodi ya stoo tukaanza kuipunguza kidogo kidogo. Albamu ya karatasi nayo imerudi kwenye mkoba.

Wewe unayemjengea mwenzio kitu, iwe tovuti, jiko au nyumba, hebu kabla hujachelewa kulala muulize kwanza anakitaka kwa ajili ya nani. Kisha mpe akijaribu yeye, kwa simu yake, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo nilipopata tabu zaidi.